Kitundu cha Milimita Tatu

Miaka ile ya shahada ya pili kazi yangu ilikuwa kupaka kioo kitu ambacho macho hayakioni. Watu waliponiuliza nasomea nini niliwajibu "sola," na wengi waliridhika na jibu hilo. Aliyetaka zaidi nilimweleza hivi: kuna sola ambazo si za silikoni kama zile za juu ya mapaa, bali ni plastiki ya aina yake iliyoyeyushwa na kupakwa kama rangi. Jua likiipiga plastiki hiyo, umeme unazaliwa ndani yake, ila umeme huo haujui pa kwenda. Lazima upande mmoja pawe na utando unaoruhusu chaji hasi kutoka, na upande wa pili utando unaoruhusu chaji chanya. Mie nilikuwa mtu wa upande wa chaji hasi. Utando wangu ulikuwa wa oksidi ya zinki, mwembamba kuliko unywele zaidi ya mara elfu moja, na niliutengeneza kutoka kwenye myeyusho. Unadondosha matone machache juu ya kioo, unakizungusha kwa kasi mpaka matone yatandae, halafu unakiweka juu ya jiko la umeme lenye uso bapa hadi kikauke na kubakiza oksidi tupu. Ukifaulu, kioo kinaonekana kama hujakigusa.

Ukishindwa ndipo unaona kitu. Msimu ule wa masika nilikuwa naona kitu kila wiki.

Vioo vyangu vilitoka na ukungu, kama mtu amevipumulia. Vingine vilikuwa na michirizi kutoka katikati kwenda pembeni. Nilivipima hivyo hivyo, na majibu hayakuwa na mpangilio: seli ya Jumatatu inafanya kazi vizuri, ya Jumanne imekufa, ya Jumatano iko katikati, na zote nimezitengeneza kwa vipimo vilevile. Njia niliyokuwa naifuata niliitoa kwenye makala za watu wa nchi za baridi. Walikuwa wanayeyusha chumvi ya zinki kwenye kiyeyushi fulani kinachotoka nje, na myeyusho wao ulikuwa unahitaji unyevu kidogo tu wa hewa ili kugeuka kuwa oksidi. Sie maabara yetu ilikuwa ghorofa ya pili, kiyoyozi kilikuwa kinafanya kazi kikijisikia, na hewa ya Dar mwezi wa nne kila mtu anaijua. Unyevu kidogo hatukuwa nao. Tulikuwa na mwingi.

Msimamizi wangu alikuwa mama wa makamo ambaye chuo kizima kilimwita Dokta, ingawa madokta walikuwepo wengi. Hakuwa mkali. Alikuwa na tabia ya kuuliza swali moja na kunyamaza, na ule ukimya ndio tulikuwa tunauogopa. Siku moja aliangalia vioo vyangu sita, akavipanga juu ya karatasi nyeusi.

"Unadhani tatizo ni wewe au ni hewa?"

"Hewa," nikasema.

Akanyamaza.

"Na mie pia kidogo," nikaongeza.

"Sawa. Basi tenganisha."

Kabla sijatenganisha chochote, kile kiyeyushi kikaisha. Chupa nyingine tulikuwa tumeshaagiza, na ilikuwa imefika, lakini ilikuwa imezuiwa na forodha kule bandarini, Kurasini. Wakala wa kutoa mizigo alinieleza kwa upole kwamba kile ni kimiminika kinachowaka, na karatasi ya muuzaji ilisema jambo moja wakati lebo ya chupa ilisema lingine. "Dada yangu, mpaka zilingane," alisema. Nilikwenda Kurasini mara nne. Mara ya kwanza nilivaa viatu vizuri, nikajifunza. Mara ya nne nilisimama kwenye kivuli cha lori nikisubiri mtu aliyekuwa ametoka kula, na nikiwa pale niliamua kwamba sitarudi tena mpaka nipigiwe simu. Simu hiyo haikupigwa kwa muda mrefu sana.

Nyumbani Temeke nilikuwa naishi na baba yangu. Alikuwa amefundisha fizikia sekondari kule Njombe maisha yake yote ya kazi, akastaafu, na mama alipofariki nikamwomba aje kwangu. Alikuja na begi moja la nguo na sanduku moja la mbao lenye vifaa. Jiji lilimshinda kwa joto, lakini zaidi lilimshinda kwa kukosa shughuli. Basi akawa anapima. Alipima urefu wa uzio wa mwenye nyumba, akapima mteremko wa mfereji ulio mbele ya nyumba yetu, akamwonyesha mwenyekiti wa mtaa kwa nini maji yanasimama pale. Alikuwa na verniea ya chuma, kile kifaa cha kushika kitu katikati ya taya mbili na kusoma unene wake mpaka sehemu ndogo za milimita. Walimu wenzake walimpa siku anaagwa. Aliifuta kwa mafuta kila Jumamosi.

Nilimweleza habari za Kurasini. Akauliza, "Hakuna njia nyingine ya kuyeyusha zinki?"

"Zipo, ila hii ndiyo wanayotumia wote."

"Wote wanaishi wapi?"

Swali lile lilinikera kiasi cha kunirudisha kwenye makala. Nikakuta kuna watu wachache waliokuwa wanayeyusha oksidi ya zinki yenyewe, ule unga mweupe, kwenye maji yenye amonia. Hakuna kiyeyushi cha nje. Ukikausha, amonia inaruka, maji yanaruka, oksidi inabaki. Na jambo lililonifanya nisome makala ile mara mbili ni kwamba myeyusho wenyewe ni wa maji. Kitu ambacho tayari ni maji hakiwezi kuharibiwa sana na unyevu wa hewa.

Nilimpelekea Dokta. Alisoma, akauliza swali lake moja: "Unga unao?"

"Sina."

"Utafute."

Kinondoni kulikuwa na duka la malighafi za sabuni, losheni na rangi. Mwenyewe alikuwa mzee wa Kihindi, Shia, ambaye familia yake imefanya biashara Dar tangu enzi za babu yake. Siku ya kwanza nilikuta limefungwa na kitambaa cheusi kimetundikwa mlangoni. Mama aliyekuwa anauza maji jirani akaniambia ni Ashura yao, nije keshokutwa. Nilirudi keshokutwa yake. Mzee alikuwa bado amevaa shati jeusi, amekaa nyuma ya kaunta akiandika kwenye lebo za mifuko kwa mkono.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Sabuni au losheni?"

"Nahitaji oksidi ya zinki. Kidogo tu."

"Losheni hiyo," alisema na kuanza kunyanyuka. "Au poda ya watoto. Wewe unatengeneza ipi?"

"Sola."

Akakaa tena. Nilidhani ataniambia nisimpotezee muda. Akavuta kiti cha pili kwa mguu, akanionyesha nikae. Nikamweleza habari za plastiki na utando na chaji, kama ninavyowaeleza watu, ila yeye hakuridhika mapema. Aliuliza kwa nini zinki na si chokaa, wakati chokaa nayo ni nyeupe na ni rahisi kupatikana. Aliuliza kama amonia haitakula kioo. Nilijibu nilichokijua. Mwisho akaingia nyuma, akatoka na mfuko wa unga uliofungwa vizuri, chupa ya amonia ndani ya ndoo yenye mchanga, na karatasi moja.

"Hii ni karatasi ya usafi wa huu unga. Imeandikwa kilichomo na kisichotakiwa kuwemo. Ngoja nikutolee kopi." Alipoirudisha kopi alikuwa amezungushia kalamu namba fulani juu yake. "Na hii ni namba ya mfuko. Ukifika mahali pa kuandika, iandike. Mifuko haifanani, hata ikitoka kiwanda kimoja. Watu wa losheni wananirudiaga hapa wanalia, hawakuandika namba."

Niliandika namba ile kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari langu la maabara. Amonia aliniambia nisiifungue ndani.

Niliifungua ndani. Kulikuwa na mvua, na nilidhani ile mashine ya kuvuta hewa chafu itatosha. Dakika chache baadaye maabara nzima ilikuwa kwenye korido ikifuta machozi, na fundi sanifu wetu, baba mmoja mtaratibu sana, alipita kufungua madirisha yote moja moja bila kuniambia neno. Tangu siku hiyo nilichanganya kwenye veranda.

Unga ulikataa kuyeyuka kwa siku mbili. Siku ya tatu, chupa ikiwa imekaa kwenye friji na kutikiswa mara kwa mara, ulikuwa umepungua na maji ya juu yalikuwa safi. Nikayachuja, nikadondosha kwenye kioo, nikazungusha, nikaweka juu ya lile jiko. Nje mvua ilikuwa inanyesha ya kuziba masikio. Nilipokitoa kioo nikakiinua kwenye taa, hakikuwa na kitu. Nikadhani nimesahau kupaka. Nikakipeleka kwenye kifaa cha kupima mwanga unaopita, nacho kikaonyesha kwamba utando upo.

Nilitengeneza seli nane: kioo, utando wa zinki, plastiki, utando wa pili wa oksidi ya molibdeni ambao mwenzangu mmoja alikuwa ameshauzoea, na fedha juu. Kabla ya kuzipima kukatokea jambo dogo ambalo sikulipa uzito. Unapopima seli ya sola huiangazii yote. Unaiwekea mbele bamba jembamba jeusi lenye kitundu, ili mwanga uingie kwenye eneo unalolijua, kisha umeme uliopata unaugawa kwa eneo hilo. Bamba letu la zamani nilikuwa nimeliangusha na kulikalia pamoja na kiti. Lilipinda lisirudi. Kwa hiyo nikamwendea fundi mmoja wa mtaani kwetu Temeke, mchonga funguo, anayechonga na namba za pikipiki, nikamwomba anitobolee bamba jingine. Kitundu cha mraba, milimita tatu kwa tatu.

"Tatu kwa tatu," alisema. "Saa nane njoo."

Saa nane lilikuwa tayari, amelipaka na rangi nyeusi. Nililiangalia, nikaona kitundu kidogo cha mraba. Nikashukuru, nikaondoka.

Seli zote nane zilifanya kazi, na zilifanya kazi kupita kiwango chochote tulichowahi kufikia pale maabara. Si kwa kupita kidogo. Nilikaa nikiangalia mchoro kwenye kompyuta, nikazima mashine, nikaiwasha upya, nikapima tena. Dokta alikuja, akasimama nyuma yangu.

"Rudia," alisema.

Nikarudia mbele yake. Wiki iliyofuata nikatengeneza nyingine nane, halafu nyingine nane. Majibu yakawa yaleyale. Ukungu haukuwepo, michirizi haikuwepo, na Jumatatu ilifanana na Jumatano. Dokta alivuta kiti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na tukaandika pamoja muhtasari wa kupeleka kwenye mkutano wa wanasayansi uliokuwa unakuja. Jina langu lilitangulia. Alipobonyeza kutuma aliniambia, "Umefanya kazi nzuri," akaenda kufundisha.

Majuma yaliyofuata nilikuwa mtu mwepesi. Niliwapikia wapangaji wenzangu pilau bila sababu. Nilipita Kinondoni kumwambia mzee wa duka kwamba unga wake umefanya maajabu, naye akataka kujua kama niliandika namba ya mfuko. Baba nilimweleza kila kitu, akasikiliza akitikisa kichwa taratibu, halafu akaniomba jambo moja: anataka kuiona hiyo seli.

Basi Jumapili moja nilikuja nyumbani na seli iliyokufa, ndani ya kiboksi cha plastiki, pamoja na lile bamba jeusi ili nimwonyeshe jinsi tunavyopima. Tulikuwa tumetoka kanisani, tumekula, tumekaa uani. Nikamwonyesha kila utando uko wapi, ingawa hauonekani. Alifurahi kweli. Aligeuza kile kioo kwenye mwanga, akakinusa, akakirudisha kwenye boksi kwa vidole viwili. Kisha akachukua bamba.

"Na hiki kitundu ndicho eneo lenyewe?"

"Ndicho. Tatu kwa tatu."

Akaingia ndani. Nilisikia sanduku likifunguliwa. Alirudi na verniea na miwani yake ya pili, akaingiza zile taya ndogo ndani ya kitundu, akazifungua polepole mpaka zikagusa pande. Akasoma. Akageuza bamba, akapima upande mwingine. Akasoma tena.

"Tatu nukta nne," alisema. "Na huku tatu nukta nne na ushee."

"Haiwezekani."

"Pima mwenyewe."

Nilipima. Nilipima mara tano, nikibadilisha mkono. Nikachukua karatasi ya matangazo ya kanisa, nikazidisha nyuma yake. Ukiangalia urefu wa upande mmoja tu, milimita tatu na milimita tatu na nusu isiyofika hazina tofauti yoyote. Lakini eneo ni upande mara upande. Kitundu changu kilikuwa kinaingiza mwanga zaidi ya robo juu ya ule niliouandika. Ile ziada yote ya majibu yangu, ule mruko ulionifanya nipike pilau, ulikuwa umeingilia pale.

"Baba, kwa nini umepima?" nilimuuliza. Hata mie nilisikia jinsi sauti yangu ilivyotoka.

Alivua miwani. "Umeniletea," alisema.

Niliingia chumbani, nikakaa kitandani na lile bamba mkononi. Nasema ukweli kuhusu mchana ule kwa sababu ndio uliobaki kichwani kuliko mambo mengi mazuri. Nilifikiria njia tatu. Ya kwanza, kunyamaza kabisa. Ya pili, kuchongesha bamba sahihi kimyakimya, na majibu yakishuka niseme ni mfuko mpya wa unga, kwani mzee mwenyewe alisema mifuko haifanani. Hiyo ya pili niliipenda sana. Ilikuwa imekamilika mpaka na shahidi wake. Ya tatu ilikuwa kumwambia Dokta. Niliigeuza ile ya pili kichwani mpaka wakati wa chai, nikitafuta mahali itakapovuja, na sikupata. Kilichoniondoa pale ni jambo dogo tu: nilimkumbuka mzee wa duka akizungushia namba ile kalamu, na nikaona kwamba ili kujiokoa itabidi niuseme vibaya unga wa mtu ambao haukuwa na kosa lolote.

Baba hakuja kunigongea. Jioni tulikunywa chai, na siku mbili zilizofuata sikumsemesha zaidi ya salamu. Alivumilia.

Jumatano nililipeleka bamba kwenye hadubini ya chuo yenye kipimo ndani yake, kwa tumaini la kijinga kwamba verniea ya Njombe imezeeka. Haikuwa imezeeka. Nikaenda ofisini kwa Dokta, nikafunga mlango, nikaweka bamba mezani.

"Kitundu si milimita tatu," nilisema. "Ni tatu nukta nne. Sikukipima. Majibu yote ya amonia yamezidi."

Aliangalia bamba bila kuligusa. "Umejuaje?"

"Baba yangu amekipima."

"Baba yako ni nani?"

"Mwalimu wa fizikia. Mstaafu."

Akanyamaza, na safari hii ukimya ulikuwa mrefu kuliko wote niliowahi kuusikia ofisini mle. Kwenye korido watu walikuwa wanapita wakicheka. Mwisho akasema, "Mie ndiye nilikwambia urudie. Ukarudia mara tatu na bamba lilelile. Na mie nikasimama pale nikaangalia." Alivuta kompyuta yake, akaigeuza iangalie upande wangu. "Andika barua ya kuuondoa muhtasari. Iandike wewe, mie nitasaini chini. Usiseme kulitokea hitilafu. Sema nini kilitokea."

Niliandika aya moja. Alinifutia sentensi mbili, zote za kuomba msamaha, akaacha zile za kitundu. Majibu ya waandaaji wa mkutano yalikuja baada ya siku chache, mistari miwili, ya heshima, kwamba wamepokea na muhtasari umeondolewa.

Siku ileile niliyomwambia Dokta, nilipofika nyumbani nilimkuta baba anapanga nyanya kwenye ungo. Nikamwambia nimesema. Akauliza, "Amekufukuza?" Nikasema hapana. "Basi kesho niletee mabamba yote mliyonayo huko," akasema, "nayo niyaone." Nilicheka, na tangu hapo tukaongea kama kawaida. Kesho yake nilimletea kweli. Yalikuwa manne, ya wanafunzi mbalimbali, na mawili hayakuwa kama yalivyoandikwa. Wenye nayo hawakufurahi.

Kazi ya kupima upya ilichukua miezi. Nilirudi kwa yule mchonga funguo, si kwa ugomvi, nikamweleza shida. Alisema ukweli wake: tupa yake nyembamba ilikuwa imekwisha, akamalizia na nene, na hakudhani vipande vya milimita vina maana kwa bamba la rangi nyeusi. Hakuwa na kosa. Mie ndiye niliyechukua bila kupima. Alinichongea jingine, nikamsimamia nikiwa na verniea ya baba, akaiomba aishike, akaichezea muda mrefu kabla ya kunirudishia.

Majibu sahihi yalikuwa ya kawaida. Seli za amonia zilikuwa sawa na seli zetu bora za ile njia ya zamani, hazikuzidi. Nilikata tamaa kidogo. Nikampelekea Dokta jedwali nikiwa tayari kusikia kwamba hakuna cha kuandika. Yeye akachukua kalamu mbili za rangi, akachora nukta za seli zote za zamani kwa nyekundu na za amonia kwa bluu, kwa mpangilio wa tarehe, akiziandikia chini siku za mvua. Nyekundu zilitapakaa karatasi nzima kama mchele uliomwagika. Bluu zilikaa pamoja, mvua na jua.

"Unaona nini?" akauliza.

"Hazijali hewa."

"Hiyo ndiyo tasnifu yako. Ungeiona tangu mwanzo, lakini tulikuwa tunaangalia tu nukta zimepanda juu kiasi gani."

Basi ndivyo nilivyoandika: kwamba kwenye mji wenye unyevu kama wetu, myeyusho wa maji na amonia hautoi seli bora kuliko zote, bali unatoa seli zinazofanana. Namba ya mfuko ilihitajika kweli, kwa sababu mfuko wa pili ulitoa majibu tofauti kidogo na wa kwanza, nami niliweza kuonyesha hivyo kwa karatasi zote mbili. Nilimpelekea mzee wa duka kopi ya ukurasa ule. Aliusoma wima, miwani puani, akauliza swali ambalo kamati ya chuo ilichelewa kuniuliza: "Sasa hii inawasha nini?"

Nikarudi siku nyingine na saa ndogo ya namba, ile isiyohitaji umeme mwingi, niliyoiunganisha na seli nne. Tukaiweka kwenye kaunta, mahali jua la saa nne linapoingilia mlangoni. Ikawaka. Mzee akaiwekea kivuli kwa mkono, ikazima, akautoa, ikawaka. Alifanya hivyo mara nyingi, na mteja wa sabuni akasubiri. Saa ile iliishi majuma machache tu, kwani hewa ya chumvi iliingia pembeni mwa gundi na plastiki ikachakaa. Nilimwambia mapema kwamba itakufa, naye akasema sawa, nikishajua kutengeneza ya kudumu nimletee.

Shahada nilichelewa kuipata kwa mwaka mmoja zaidi ya wenzangu. Kuna mtu mmoja wa mwaka wangu aliyeniuliza kama sijutii, kwa kuwa hakuna ambaye angejua. Nilimwambia najutia kutokupima bamba. Alidhani ninamkwepa, lakini ndilo jibu nililokuwa nalo.

Mwaka uliofuata mkutano ulipokuja tena tulipeleka kazi sahihi, wakatupa nafasi ya bango kwenye korido, karibu na meza ya chai. Wengi walisimama na vikombe, wakasoma namba ya ufanisi, wakaona ni ya kawaida, wakaendelea na safari. Nilisimama pale asubuhi nzima. Karibu na mchana akaja dada mmoja aliyetoka chuo cha mji mwingine wa pwani, mwenye daftari lililovimba kwa maji kwenye kona. Hakuangalia namba ya juu. Alikwenda moja kwa moja kwenye ule mchoro wa nukta nyekundu na bluu, akauangalia sana.

"Hizi nyekundu," alisema, "ni zangu mie. Nina miezi saba napata hizi."

Nikampa karatasi yenye vipimo vyote, joto na muda na jinsi ya kuchuja, na kwa kalamu nikamwandikia juu kwamba amonia aifungulie nje. Akasogeza kiti kimoja cha meza ya chai, akakaa, akafungua daftari lake na kuanza kuniuliza kuanzia hatua ya kwanza.